Namna ya Kufafanua Bila Kueleweka

Umeitwa kutoa mada na hukuisoma. Usihangaike, ndugu yangu. Fafanua neno lake tu, muda utajiishia wenyewe.

1. Tangulia na kamusi. Ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu, chapa ya 1981, iweke mezani hivyo hivyo ilivyofungwa. Vua miwani, uifute taratibu kwa pindo la shati, kisha sema: "Neno hili asili yake ni Kiarabu." Utaona kalamu zinatoka mifukoni.

2. Chukua "bainisha". Waambie ni ndugu wa "baina": vitu vikitengana, ukaiona nafasi iliyo kati yake, hapo ndipo huwa bayana. Kwa bahati mbaya hili ni kweli, lakini ukikunja uso litasikika kama siri. Baada ya hapo usibainishe chochote.

3. Mtu akitaka "tafsiri" ya ulichosema, mkumbushe kwamba kwa Waarabu tafsiri ni ufafanuzi, kama ule wa Kurani. Kuhamisha maneno toka lugha hii hadi ile wao huita tarjama. Muulize kwa upole: "Sasa wewe unataka ipi?" Atakaa.

4. Utamu wote uko kwenye "sherehe", kwa hiyo hapa tembea polepole. Mwulize yeyote sherehe ni nini, atakutajia pilau. Lakini fungua diwani za zamani: kule mwisho, penye maana za maneno magumu, utakuta pameandikwa "Sherehe". Kwa Kiarabu sharh ni ufafanuzi. Mzizi huo huo ndio unaokata nyama vipande vyembamba, ndio unaoipa jina elimu ya kupasua mwili, tashrih, na ndio unaokunjua kifua cha mtu akafurahi. Kufafanua, basi, ni kupasua jambo mpaka undani wake uonekane. Na mshereheshaji wa harusini, yule anayeshika kipaza sauti toka saa moja hadi saa sita akidai makofi, kwa jina lake ni mfafanuzi! (Mimi bado nangoja anifafanulie kwa nini chakula kimechelewa.) Ukumbi ukicheka, umeshashinda. Hakuna atakayekumbuka mada ilikuwa nini.

5. Kila ukumbi una mkorofi wake, na wako atasimama kukuuliza asili ya "fafanua" lenyewe. Tazama saa. Mgeukie mwenyekiti. "Swali zuri mno. Tutalijadili kwenye chai."

Kwenye chai, jaza mdomo sambusa.