Maji na Soda Mbele ya Sheria: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Fedha,
Jumba la Hazina,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

MINT: PONGEZI KWA KUTOIBAGUA SODA

Mimi sijambo, isipokuwa vifungo viwili vya shati ambavyo tangu Krismasi havijaonana na matundu yao. Lakini sikuandikii kulalamika. Walalamishi unao wa kutosha, na kila Juni ukibeba ule mkoba wa bajeti kuelekea bungeni huongezeka. Nakuandikia kukupongeza kwa jambo ambalo sijasikia Mkenya yeyote akikushukuru kwalo: Jedwali la Kwanza la Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015.

Si wewe uliyelitunga, najua. Ulilikuta ofisini pamoja na madeni. Lakini anayeachiwa shamba akalitunza naye hustahili sifa.

Ndani ya jedwali hilo mna mstari mmoja ambao ningependa uchongwe kwenye jiwe langoni mwa Jumba la Hazina. Mstari huo uliyaweka maji ya chupa pamoja na vinywaji vingine visivyo na kileo, juisi zikiwa zimetengwa, na kuvitoza vyote ushuru mmoja: shilingi 5 kwa lita. Juisi za matunda na mboga zikapewa mstari wao, shilingi 10 kwa lita. Mfumuko wa bei ulipopanda, viwango navyo vikapandishwa, na kufikia Oktoba 2022 maji na soda vilikuwa shilingi 6.41 kwa lita, juisi shilingi 14.14. Tarakimu zilipanda, mpangilio haukuguswa.

Hebu tazama upana wa haki hiyo. Soda ya kola ya nusu lita ina takriban gramu 53 za sukari, yaani vijiko 13 vya chai. Mgeni akitia vijiko 13 kwenye kikombe chake utalihamisha bakuli la sukari, na akiondoka utawauliza watoto kama yuko sawa. Maji ya nusu lita hayana sukari hata chembe. Mbele ya Serikali, chupa zote mbili zilidaiwa shilingi 3 na senti 20. Katika nchi ambayo mtu huulizwa jina la pili kabla ya kupewa kazi, hatimaye tumepata mahali ambapo hakuna anayeulizwa ametoka wapi wala amebeba nini. Hata ile soda isiyo na sukari, ambayo kiwanda kilihangaika kuitengeneza, ililipa zile zile shilingi 3 na senti 20, isije ikajiona bora kuliko wenzake.

Iliyokosa ni juisi. Sijui ilimfanyia nani nini. Mtu akikamua embe la Makueni, akalitia chupani bila kuongeza kitu, alidaiwa zaidi ya mara mbili ya yule aliyechanganya maji, gesi, rangi na sukari. (Juisi nayo si malaika, daktari yeyote atakwambia, sukari inayo ya kutosha. Lakini haikuadhibiwa kwa ajili ya sukari. Hakuna aliyeihesabu.)

Juzi niliingia duka la mtaani kwetu nikaagiza soda. Muuzaji akaniuliza swali ambalo kila Mkenya hulijua: "Baridi ama moto?" Hilo ndilo swali la pekee ambalo soda huulizwa katika Jamhuri hii. Nikachukua ya baridi. Shingoni palikuwa na stempu ya ushuru, ile ambayo tangu Novemba 2019 hubandikwa kwenye chupa za maji, soda na juisi, nami kwa kuwa ni raia mwema nikatoa simu, nikafungua programu ya Mamlaka ya Mapato, KRA, iitwayo Soma Label, nikaielekeza pale. Nikahakikishiwa kwamba stempu ni halali. Nilifarijika. Halafu nikatafuta habari za sukari. Ilinibidi nitoke nje penye jua, niigeuze chupa mara tatu, nikunje jicho moja. Maandishi yenyewe ni madogo kama mayai ya chawa, tena yamepita kwenye mkunjo wa karatasi. Teknolojia ya kuthibitisha kwamba Serikali imelipwa tunayo. Ya kumwambia mnywaji anachokunywa itasubiri awamu nyingine.

Wapo watakaokwambia kwamba soda ni tatizo. Hao hawajui utamaduni. Mgeni akiingia, mtoto hutumwa mbio dukani. Washenga wakienda kuposa, kreti zimo kwenye orodha. Mwanafunzi wa bweni akitembelewa, soda ndiyo humwambia kwamba mama amefika kweli. Na pale mjengo, saa saba mchana, kijana aliyebeba mawe tangu alfajiri huketi juu ya mfuko wa simiti na nusu mkate na soda, akamaliza, akarudi kazini. Hicho ndicho chakula chake cha mchana. Nalisema hilo bila kejeli, Mheshimiwa, kisha naendelea.

Watakuletea pia takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 45. Wanaume ni asilimia 19, pengine kwa kuwa sisi kitambi hukiita mwili wa pesa, na pesa zimekuwa adimu. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi moja, na huenda nyumba moja, ina aliyezidi na aliyepungukiwa. Tukikosa kingine, usawa wa aina hiyo tunao.

Linalonitia hofu ni minong'ono ya ugenini. Shirika la Afya Duniani halilali. Mwaka 2016 lilipendekeza vinywaji vya sukari vitozwe kodi ya kupandisha bei kwa angalau asilimia 20. Julai 2025 likaongeza sauti: tumbaku, pombe na vinywaji hivyo vipande bei halisi kwa angalau asilimia 50 kufikia mwaka 2035. Tafadhali usiwasikilize kabla ya kuona yaliyowapata wengine.

Afrika Kusini walianza tarehe 1 Aprili 2018, na haikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga. Waliketi wakahesabu gramu. Kinywaji chenye gramu 4 za sukari au pungufu katika kila mililita 100 kiliachwa, na kila gramu iliyozidi hapo ikatozwa senti 2.1 za randi. Wenye viwanda walilia, wakulima wa miwa wakalia, kiwango kikapunguzwa kutoka kile kilichopendekezwa mwanzo, na bado ulipokuja utafiti wa mwaka 2021, katika familia za mijini zilizofuatiliwa, sukari ya vinywaji hivyo ilikuwa imeshuka kutoka gramu 16 na ushei kwa mtu kwa siku hadi chini ya 11. Fikiria aibu hiyo: ushuru unaojua unachotoza.

Lakini balaa lenyewe liko Uingereza. Waziri wao wa Fedha, George Osborne, alitangaza ushuru Machi 2016, kisha akawapa wenye viwanda miaka miwili hadi Aprili 2018. Peni 18 kwa lita kwa kinywaji chenye gramu 5 au zaidi katika mililita 100, peni 24 kikifika gramu 8, na chini ya gramu 5 hakuna kitu. Wenye viwanda si wajinga. Kabla ya peni ya kwanza kukusanywa, zaidi ya nusu yao walikuwa wamepunguza sukari, tani 45,000 kwa mwaka kwa hesabu ya serikali yenyewe. Irn-Bru, soda ambayo Waskoti huiapia, ilishushwa sukari hadi chini ya nusu, na watu wakaenda kuhodhi makreti ya ile ya zamani majumbani. Hazina yao ilikuwa imetarajia pauni milioni 520 mwaka wa kwanza. Ikapata 240.

Unaiona hatari, Mheshimiwa? Huu ni ushuru ambao ukifaulu, mkusanyaji analala njaa. Miaka michache baadaye watafiti wa Cambridge wakaja kusema kwamba unene wa kupindukia kwa wasichana wa miaka 10 na 11 ulikuwa umepungua kwa asilimia 8 ukilinganisha na ambavyo ungekuwa bila ushuru. Kwa wavulana hawakuona tofauti. Wasichana wa darasa moja tu! Pauni milioni 280 hazikufika kikapuni, na faida ni watoto ambao hata kura hawapigi.

Meksiko sitaitaja sana, maana inauma. Nchi iliyowahi kutawaliwa na Vicente Fox, aliyekuwa mkuu wa Coca-Cola nchini humo kabla ya kuwa rais, ilianza Januari 2014 kutoza peso 1 kwa lita. Mwaka wa kwanza ununuzi ulishuka kwa asilimia 6 hivi, wa pili ukakaribia 10. Kama wao waliweza, wewe utajitetea vipi?

Nimekusaidia kufikiria. Sema kwanza kwamba utawaumiza wakulima wa miwa. Mumias, Nzoia, Chemelil, Muhoroni: majina haya pekee humtoa mbunge yeyote machozi. Ila neno hilo ulitamke haraka na uketi, asije akasimama mtu akakuuliza sukari ya soda hutoka wapi. Maana ile si sukari ya Mumias. Soda hutaka sukari nyeupe iliyosafishwa, ya viwandani, na hiyo, kwa sehemu kubwa, sisi huiagiza ng'ambo ikashukia Mombasa. Tena chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwenye kiwanda huruhusiwa kuiingiza kwa ushuru wa forodha wa asilimia 10, ilhali sukari ya kawaida, ya kutia kwenye chai ya mama mboga, ikitoka nje ya Jumuiya na soko la COMESA hukabiliwa na asilimia 100. Sukari ya kikombe hupigwa rungu mpakani, ya chupa ikasindikizwa kwa msamaha. Mkulima wa Busia akiisikia hesabu hiyo atataka kujua ni nani hasa uliyekuwa ukimtetea.

Sema pili kwamba ushuru wa sukari utamuumiza maskini. Hili lina ukweli. Yule kijana wa mjengo atalipa zaidi kwa mlo wake. Lakini lichunge, kwa sababu watu wana kumbukumbu. Mwaka 2023 ada za kutuma pesa kwa simu zilipopandishiwa ushuru hadi asilimia 15, na VAT ya mafuta ikaruka kutoka 8 hadi 16, maskini hakutajwa. Mwaka 2024 mlipotaka kuuwekea mkate VAT ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, maskini alilazimika kuja mwenyewe hadi bungeni kujitambulisha. Atashangaa kusikia kwamba anapendwa hivi, na kwamba mapenzi yenyewe yamo kwenye soda.

Tena maskini huyo ana bili nyingine. Kisukari kikimshika, vile vipande vya kupimia sukari havimwulizi kama ana kazi. Mwenye mshahara naye hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, na sehemu ya makato hayo huenda kutibu magonjwa ambayo chupa imeyachangia. Kwa hiyo hata nisiponywa, nimelipia.

Kama basi, licha ya maonyo yangu, utashawishika, sitakuzuia. Uyaondolee maji ushuru kabisa; tunayanunua kwenye chupa kwa sababu ya mfereji, ambao wiki nyingi hautoi kitu, na ukitoa hatujui umetoa nini. Huko ni kututoza kwa kosa la mfereji. Soda na juisi zipimwe kwa gramu, kila gramu iliyozidi ilipe, isiyo na sukari iachwe. Wenye viwanda wapewe mwaka mmoja au miwili wapunguze wenyewe, na wakipunguza, usije Juni ukalia kwamba makusanyo yameshuka. Na kidogo kitakachopatikana kisiingie kwenye lile kapu kuu ambalo hatujawahi kuona sakafu yake. Kijenge matangi na mifereji shuleni, ili mtoto mwenye kiu saa nne asiwe na soda pekee ya kuchagua.

Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa nitahudhuria. Najua wahudhuriaji hupewa kinywaji.

Wako mwaminifu,

Mlipa Ushuru, Lita kwa Lita

Nakala:
1. Kamishna Mkuu, KRA (stempu yangu ilikuwa halali).
2. Waziri wa Afya (kwa taarifa tu, naelewa kwamba sukari si idara yake).