Mwongozo wa Mgeni Mwenye Kitu Kibovu Kirumba, Mwanza

Kwanza kabisa, usije kwa mafundi wa hapa siku za mwezi mpevu.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, dagaa hawaifuati taa na wavuvi wanapumzika. Basi kila kilichogoma majini wiki tatu zilizopita hupanda nchi kavu kwa mkupuo: injini zilizokunywa maji, taa za sola zilizozimika, betri, nyavu zilizochanika, mitumbwi inayosubiri kuzibwa nyufa kwa pamba. Wewe na simu yako yenye kioo kilichopasuka mtakaa foleni nyuma ya injini inayolisha familia sita. Ukisema "mimi yangu ni ndogo tu", utarudishwa nyuma zaidi.

Ukifika, salimia. "Mwangaluka" ya asubuhi, hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo hapo, hupunguza bei kuliko ubishi wa nusu saa. Kisha eleza ugonjwa. Usiseme "simu imekufa". Kufa kuna bei yake, na umeitaja mwenyewe. Sema haishiki chaji, au inazima ikifika nusu, au kioo kina mistari. Wala usitamke neno "haraka". Usiulize pia itakuwa tayari lini, maana utajibiwa "pita jioni", na hakuna aliyesema jioni ya siku gani.

Toa laini kabla hujakabidhi simu. Simwiti fundi mwizi. Ila meza ile ina mafundi watatu, wanafunzi wawili na binamu wa mtu aliyekuja kusalimia, na pesa zako zote zimo kwenye laini hiyo. Na akitokea wa pembeni kukunong'oneza kwamba anaweza kukubadilishia IMEI, aga uondoke. Ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya 2010. Wanaokumbuka usiku wa Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki nchi nzima, wanajua kwamba kuna maradhi ambayo bisibisi haiyafikii.

Halafu litakuja swali la spea: "Unataka orijino, orijino kabisa, au kopi?" Nimeishi na swali hili miaka mingi na bado sijui ya kwanza inatofautianaje na ya pili. Jibu la mtu mzima ni kunyoosha kidole kwenye droo. Kila fundi anayo droo ya simu marehemu, ambazo hutoa viungo kwa walio hai: spika hapa, tundu la chaji pale, kioo kikipatikana ni bahati. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Sidhani kama kuna aliyewahi kuja kuhesabu droo za Kirumba.

Tahadhari nyingine: usije hapa kuhubiri. Utashawishika. Utataka kumweleza fundi kwamba Amsterdam, mwaka 2009, mama mmoja aitwaye Martine Postma aliwakusanya watu watengeneze vitu vibovu pamoja, bure, kwa kahawa. Kwamba Ufaransa, mwaka 2021, simu dukani zilianza kubandikwa alama kati ya kumi kuonyesha zinatengenezeka kiasi gani. Kwamba Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024. Fundi atakusikiliza bila kuinua macho kwenye kilehemeo, kisha atauliza, "Kwa hiyo walikuwa wanakatazwa?" Kumbuka uko mji gani. Mjini kati kuna mtaa unaoitwa Makoroboi, uliopewa jina na taa za makopo yaliyokwisha kazi.

Lakini usiondoke ukidhani fundi ameshinda. Muulize kuhusu baadhi ya simu za siku hizi. Atakuonyesha kioo kizima, kilichotoka kwenye simu ya aina ile ile, ya kampuni ile ile, na simu inakikataa. Inaandika kwamba haikitambui, au inazima baadhi ya kazi zake, kwa sababu kila kioo kimefungiwa namba ya bodi yake kiwandani. Droo ile nzima ya marehemu inageuka makaburi ya kawaida. Hapo ndipo hasira za Ulaya zinapoanza kueleweka hata kwa mtu wa Kirumba: unauziwa kitu, funguo zake wanabaki nazo wao.

Mimi nilikuja na taa ya sola. Betri ilikuwa imechoka, basi, kitu cha dakika kumi. Fundi aliigeuza, akaipapasa chini, pembeni, juu. Hakuna skrubu hata moja.

"Mwalimu, hii wameigandisha kwa gundi. Waliotengeneza hawakutaka tuione."

Akaiweka pembeni. Nilipita jioni tatu. Ya nne nikaikuta imepasuliwa katikati kama embe, imewekwa betri mpya, imeunganishwa tena, na kwenye kingo zake ametoboa matundu manne na kutia skrubu nne za rangi tofauti. Pembeni imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maji yasiingie. Kwa sura ni taa ya aibu. Inawaka.

Nikamuuliza skrubu za nini, na kuna mpira.

"Siku nyingine utaifungua mwenyewe nyumbani," akasema, akiifunga droo kwa mguu wake. "Bisibisi uje uazime hapa."