Lita Iliyolipa Kodi Zote Ikapotea

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Yah: Mafuta yanayoondoka tangini bila kuaga

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea pongezi kutoka Rhotia, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo magari ya watalii huvuta pumzi baada ya kupanda mlima wa Mto wa Mbu kabla hayajaendelea Karatu na Ngorongoro. Pongezi hizi ni za haki. Hakuna mwananchi wa nchi hii anayefuatiliwa kwa upendo kama lita ya petroli. Huagizwa kwa pamoja chini ya wakala maalumu, hulipiwa ushuru na tozo kabla haijaiona barabara, na tangu 2010 hutiwa vinasaba ili popote itakapokutwa ijulikane kama ni ya halali au ya magendo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mnatoa jedwali la bei kikomo, wilaya kwa wilaya, hadi shilingi ya mwisho: Karatu ina mstari wake, Loliondo ina wake. Sheli inatakiwa kubandika bei hiyo pahali pa kuonekana, na pampu itoe risiti ya kielektroniki. Wapo watoto wanaovuka barabara hiyo hiyo kwenda shule bila robo ya ulinzi huo.

Katika safari yote hiyo kuna kituo kimoja tu chenye giza. Kati ya mpira wa lori na pua ya pampu lipo tangi la chuma lililozikwa ardhini, na lita yetu hukaa humo siku kadhaa. Ikitoka kwa njia ya pampu, taifa zima lina habari. Ikitoka kwa tundu la kutu, imetoka vile vile, na vinasaba vyake vyote, ila haina wa kuiulizia. Sababu inaeleweka. Serikali ilishachukua chake bandarini, kwa hiyo haidai. Mnunuzi hakuinunua, kwa hiyo halalamiki. Mwenye sheli ameingia hasara, lakini hasara ya matone huandikwa kwenye daftari kwa jina la heshima, upotevu wa kawaida. Hoja ya barua hii ni hiyo tu: tumejenga ulinzi wa mafuta unaoishia pale fedha inapoishia, na lita inayovuja inaanza safari yake mahali hapo hapo.

Mtaniambia kwamba udongo si kazi yenu, na kisheria mna pa kujishika. Lita ikiwa ndani ya tangi iko Wizara ya Nishati. Ikipenya milimita chache za chuma na kugusa udongo, imehamia kwa baraza la mazingira, NEMC, chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Ikishuka mpaka kwenye maji ya ardhini ni ya Bodi ya Maji Bonde la Kati, na ikipandishwa na pampu ya kisima cha kijiji, wakala wa maji vijijini, RUWASA, wakae nayo. Ikitoa mvuke ukashika moto, ni ya Zimamoto. Sijui kiumbe mwingine anayevuka wizara nne bila pasi wala barua ya uhamisho. Lakini naomba mlitazame tena jina lenu: Nishati na Maji. Katika ofisi zote za Jamhuri, ninyi ndio mliopewa vitu hivi viwili kwenye bango moja la mlangoni. Inasikitisha kwamba mahali vinapokutana kweli kweli, chini ya zege la sheli, pakawa ndipo mnapopeana mkono na kuagana.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua mnaziheshimu. Tone moja kwa kila sekunde ni uvujaji ambao fundi akiuona kwenye bomba la jikoni kwake ataahidi kuushughulikia Jumamosi. Matone 20 hufanya mililita moja. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo tone hilo ni lita nne na kitu kwa siku na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Anayetakiwa kuligundua ni kijana mwenye fimbo ya kupimia, anayeitumbukiza tangini alfajiri, anaivuta, anasoma alama iliyolowa kabla haijakauka, na kuandika. Chukua tangi lenye kipenyo cha mita mbili na nusu na urefu wa mita sita, likiwa nusu: milimita moja ya fimbo hiyo ni lita 15. Macho yakikosea milimita moja tu, na mvua ikinyesha nani hakosei, yamefunika uvujaji wa siku tatu. Kesho yake atakosea kwa upande wa pili na daftari litalingana. Ndiyo maana uvujaji hauonekani kwa kusoma siku moja moja. Unaonekana kwa mtu anayejumlisha tofauti za mwezi mzima, akauliza kwa nini kila mwezi zinaelemea upande wa kupungua.

Hapo ndipo baridi ya Rhotia inapoingia kama shahidi wa utetezi. Petroli husinyaa kwa takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Lita 20,000 zilizopakiwa kwenye joto la pwani, zikapoa nyuzi kumi huku kwetu, hupungua karibu lita 200 bila tone kumwagika. Ni kweli tupu, na ni utetezi mzuri sana, kwa sababu lita 200 ni sawa na siku 46 za tone letu. Tangi linalovuja katika nchi ya baridi lina kisingizio kilichothibitishwa na sayansi. Dawa yake ni kupima joto pamoja na kimo, kisha kusawazisha hesabu. Inahitaji kipimajoto, jedwali na mtu aliyeagizwa kufanya hivyo. Sidai kwamba sheli yoyote ya hapa inavuja, wala barua hii haimtuhumu mtu. Nasema kwamba iwapo ingevuja, baridi ingeshtakiwa kwanza.

Na lita moja ina ubaya gani? Tuseme petroli ina benzini asilimia moja tu. Hiyo ni kama gramu saba kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za benzini kwa lita, kwa kuwa benzini inajulikana kuleta saratani ya damu. Gawanya mwenyewe: gramu saba zinatosha kufikisha kwenye kikomo lita 700,000 za maji, yaani simtanki 140 za lita 5,000. Bila shaka si benzini yote itafika majini. Nyingine itaruka hewani, nyingine italiwa na vijidudu vya udongo. Lakini kuna jambo ambalo hata mshairi wa kejeli asingethubutu kulitunga. Shilingi 50 za kila lita ya petroli na dizeli zilitengwa kwa ajili ya Mfuko wa Maji, ili vijiji vipate maji safi. Lita yetu ilizilipa. Imechangia kisima, kisha ikateremka kwenda kukitembelea.

Watu wa elimu watanipinga, na wana hoja. Watasema vijidudu husafisha wenyewe, na kwamba utafiti wa California wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa uchafu wa petroli katika maji ya ardhini mara nyingi hausogei zaidi ya mita 80 hivi kutoka kwenye chanzo. Nakubali, na nashukuru. Ila Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hata habari njema ya California inatubakizia mita 20 za wasiwasi. Tena vijidudu hao wanataka hewa na muda, na hawawezi kumaliza chakula kinachopakuliwa kila sekunde. Watasema pia kwamba visima vyetu ni virefu. Virefu ni kweli, lakini miamba ya huku kwetu ni ya volkano, yenye nyufa, na ufa hauchuji kama mchanga unavyochuja. Na bado kuna njia ambayo haihitaji kina chochote. Mabomba ya maji ya plastiki, yale meusi yanayofukiwa kwenye mtaro wa nusu mita kando ya barabara, huruhusu benzini kupenya ukuta wake yakipita kwenye udongo uliolowa petroli. Bomba halina tundu, presha iko sawa, fundi akija hakuti kosa, na chai inanukia mafuta.

Kwa nini niandike leo, wakati barabara imetulia? Kwa sababu ya umri. Biashara ya mafuta ilifunguliwa nchini mwaka 2000. Lami ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, msaada wa Wajapani, ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na lami ikifika sheli hufuata kama nzi na embe. Matangi ya rika hilo sasa yana miaka ishirini na zaidi. Marekani walizika chuma kitupu katika miaka ya 1950 na 1960, wakaanza kuuliza katika miaka ya 1980. Sheria ya matangi ilitungwa 1984, mfuko wa kusafisha ukaanzishwa 1986 kwa tozo ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa galoni, na hadi sasa wamethibitisha uvujaji zaidi ya 500,000. Jirani zetu walisubiri muda mrefu zaidi. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, la mwaka 1978, lilivujia bonde la Thange huko Makueni, na wakulima wakaligundua Mei 2015 kwa kuyaona mafuta mtoni. Mahakama iliamuru walipwe mabilioni ya shilingi za Kenya mwaka 2025. Miaka kumi, na mtu wa kwanza kugundua alikuwa mwenye shamba.

Najua pingamizi linalobaki, nalo ndilo zito. Mmelegeza masharti ya sheli za vijijini ili watu waache kununua wese la kwenye chupa, na mkiongeza gharama sheli zitafungwa, chupa zirudi. Sitaki chupa zirudi. Kwa hiyo naomba vitu viwili vya bei ya chini. Kwanza, jedwali lenu la bei liongezwe safu tatu kwa kila sheli: mwaka tangi lilipozikwa, tarehe lilipopimwa mara ya mwisho, na matokeo. Wino mtakaotumia ni kidogo. Pili, shilingi moja kwa lita iwe ya kusafisha. Mtasema sheria yetu tayari inamtaka mchafuzi alipe. Naam, lakini mchafuzi ameuza sheli, aliyenunua amebadilisha bango, na kila mmoja anaapa kwamba kutu ilianza kwa mwenzake. Wakati wanaapa, fedha ya kuanzia kazi iwepo.

Maana kazi yenyewe haina miujiza. Tangi linatolewa, au linajazwa mchanga. Kijiko kinachimba udongo ulioloa, ule unaogeuka wa kijivu na kunuka kama gereji, unatandazwa mbali na nyumba na maji, tabaka jembamba juu ya turubai, unatiwa samadi na kugeuzwa geuzwa mpaka vijidudu wamalize. Kilichobaki chini hufyonzwa mvuke kwa mabomba, au hupuliziwa hewa. Wakulima wa Rhotia wanajua kugeuza udongo na kuutia samadi kuliko mshauri yeyote mtakayemlipia posho. Wasichokubali ni ile njia ya tatu ambayo haimo katika kitabu chochote, ya kumwaga zege jipya juu, kupaka rangi, na kumkaribisha mkuu wa wilaya kukata utepe.

Tunaisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mnywaji wa maji,
Rhotia.

Nakala: NEMC, Bodi ya Maji Bonde la Kati, RUWASA, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Halmashauri ya Wilaya ya Karatu. Tafadhali, asiwepo atakayedhani kwamba mwenzake ameshajibu.