Orodha ya Wapiga Kelele

Darasa letu lote lilikuwa kwenye orodha ya wapiga kelele, lakini hakuna aliyeiandika. Nimewauliza wenzangu mmoja mmoja tangu kundi la WhatsApp lilipotukutanisha upya. Kila mtu anakumbuka jina lake lilivyosomwa, bakora zilivyofuata, hata mti uliotoa hizo bakora. Mwandishi ndiye hajulikani. Kaka mkuu, ambaye miaka yote tulimwona na kikaratasi mfukoni, anaapa kwamba yale yalikuwa mashairi.

Tulisoma shule moja ya msingi hapa Mungaa, Singida. Jina lake naliacha, kwa sababu baadhi ya walimu bado tunawaamkia njiani. Ilikuwa miaka ya themanini. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulikuwa umeanza 1977, na watoto waliandikishwa kwa wingi, wa umri sahihi na waliochelewa, hata walioanza kuota ndevu. Ndiyo maana hadi leo hatujui kundini nani amwamkie nani. Yupo mwenzetu niliyekaa naye dawati moja darasa la tatu, na nilipotaka kumwazima ufutio nilianza na shikamoo.

Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Sisi hatukuisoma, tuliibeba kichwani: siku hii kuni, siku ile maji, Ijumaa kinyesi cha ng'ombe cha kusiribia sakafu. Nyumbani kila mmoja alikuwa na zizi, kwa hiyo kisingizio cha kukosa malighafi hakikuwepo. Wasichana walisiriba, wavulana walichota maji, na kiranja alisimamia huku mikono yake ikiwa safi, jambo ambalo naona limemsaidia sana katika kazi aliyokuja kuifanya baadaye serikalini.

Sasa, kisa kinachotugombanisha ni cha siku ya mkaguzi. Habari kwamba anakuja ilifika asubuhi, nasi tukaamriwa kusiriba palepale, upya, ili ang'arishwe macho. Kiangazi upepo wa Singida hukausha chochote ndani ya saa moja, lakini siku ile upepo nao uligoma. Mkaguzi akaingia sakafu ikiwa bado mbichi. Madawati yalikuwa machache; wengi wetu viti vyetu vilikuwa hiyohiyo sakafu. Tukasimama, tukaamkia kwa pamoja. Akasema, "Kaeni." Hatukukaa. Akasema tena, kwa upole zaidi, "Kaeni, watoto wazuri." Tukachuchumaa nusu, makalio hewani, sare zetu zikiwa salama kwa shubiri moja tu. Akauliza saba mara nane. Tukajibu kwa sauti iliyotetemeka, na si kwa sababu ya hesabu. Mapaja yalikuwa yanawaka moto. Mkaguzi akamgeukia mwalimu, akamwambia hajawahi kuona darasa lenye heshima namna hii, hata likiambiwa likae halikai.

Hapo mtu akateleza. Ni nani? Kwa miaka yote nilijua ni mimi. Kumbe kundini tupo watatu tunaodai heshima hiyo, na kila mmoja ana ushahidi. Mmoja anasema mama yake alifua kaptula ile mara mbili na harufu haikutoka. Mwingine ameleta kovu la kiwiko kwa picha. Dada mkuu anasema hakuanguka mwanafunzi yeyote. Aliyeteleza ni mkaguzi.

Ushahidi wetu kwa jumla una walakini, nakiri. Mwenzetu mwingine hutusimulia kila mwezi jinsi alivyokuwa bingwa wa mbio wa Wilaya ya Ikungi tulipokuwa darasa la sita. Wilaya ya Ikungi ilianzishwa 2012. Sisi tulisoma tukiwa Singida Vijijini, na mwaka 2012 bingwa huyu alikuwa tayari na kitambi. Alipoambiwa hivyo alijibu kwamba mbio ndizo muhimu, siyo mipaka.

Desemba iliyopita tukaamua tukutane ana kwa ana, Mungaa kwenyewe, uani kwa mwenzetu mmoja. Michango ilipoanza, kila mtu akarudi darasa lake la zamani. Aliyekuwa akisahau ada nyumbani akasema atatuma jioni. Kaka mkuu akabandika majina ya wasiolipa, kwa herufi kubwa, na kwa mara ya kwanza nikautambua mwandiko wake.

Mwenzetu wa Dar es Salaam alishuka na tenga la kuku wa kienyeji aliowanunua huko, ili atusaidie chakula. Walitufikia wamechoka. Alipoulizwa aliwapata wapi, akasema muuzaji alimhakikishia ni kuku halisi wa Singida. Basi nao walikuwa wamerudi kuonana na waliosoma nao. Tuliwala kwa ugali wa uwele, bila kuwauliza darasa.

Ndipo akaingia mtu akiendesha guta. Kaka mkuu alimwona, akaacha sahani, akamrukia. "Usiniambie! Umenenepa, lakini macho ni yaleyale!" Yule bwana akasita kidogo, akasema, "Ndiyo mimi, kaka." Angesema nini? Kumkatalia mtu mzima anayekulilia begani ni utovu wa adabu. Akaulizwa kama anamkumbuka yule mwalimu wa hesabu. "Nani atamsahau!" Na fimbo yake? "Usinikumbushe, bwana." Akapewa paja la kuku. Akapewa nafasi ya kutoa neno, akaongea vizuri kuliko sisi wote, akamshukuru Mungu kwa kutukutanisha. Jioni ndipo alipotoa risiti ya viti vya kukodi tulivyokuwa tumevikalia. Shule ya msingi aliisomea Tabora.

Lakini uchaguzi ulikuwa bado. Tulihitaji mweka hazina, na kila aliyependekezwa aliwekewa pingamizi: huyu aliuza mayai ya mradi wa shule, yule alikusanya pesa za mpira na mpira haukuja, na wa tatu, mwenye ndevu, alikuwa akila uji wa wadogo. Kwa mwenye viti hakuna aliyekumbuka baya lolote. Akapita bila kupingwa, na lazima niseme hesabu zetu hazijawahi kunyooka hivi.

Juzi mabishano ya mkaguzi yakafumuka upya kundini. Mweka hazina akaandika kwamba yeye analikumbuka tukio lile vizuri sana: aliyeteleza ni mkaguzi mwenyewe, na kofia yake iliangukia upande wa dirishani. Kaka mkuu akaunga mkono mara moja. Bingwa wa Ikungi akaongezea rangi ya kofia. Wote wawili wanadaiwa mchango wa Machi.