Somo Anajibu: King'ora Kimelia, Pochi Imetoka

Bi Somo, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Houston kwa binti yangu tangu alipojifungua. Wao wakienda kazini, mimi hubaki na mjukuu na kompyuta ya mkwe wangu. Juzi nilikuwa natafuta matokeo ya Simba, mara kioo kikageuka buluu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke ikasema kompyuta imevamiwa, nisithubutu kuizima, nipige namba iliyoandikwa pale. Mtoto akaamka. Nikapiga. Akapokea kijana mwenye adabu sana, akasema yeye ni Kevin wa Microsoft. Akanielekeza niweke programu ya kumwezesha kuiona kompyuta kutoka huko aliko, kisha akanionyesha alama nyekundu za makosa, nyingi mno. Akasema wezi wameshaingia na usiku huo watafika benki ya mkwe wangu. Kuwazuia kulihitaji kadi za zawadi za dola 500. Nikambeba mjukuu, nikaenda dukani simu ikiwa sikioni, nikanunua mbili kwa hela ya tiketi yangu ya kurudi. Nikakwangua, nikamsomea namba. Akasema bado moja. Binti nimemwambia tu kwamba kompyuta inasumbua kidogo. Nifanyeje?
– Mwalimu wa Hesabu, Houston

Marahaba, Mwalimu, ingawa kwa umri tuliofika sijui tena nani amwamkie nani. Kevin amekuingiza mjini, na mji wenyewe ni Houston.

Nianze na la kukufariji: ile kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote. Kilichofunguka ni ukurasa wa intaneti tu, uliojitanua ukajaza kioo, ukaficha vitufe vya kufungia, ukacheza sauti iliyorekodiwa. Ungebonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja ukakifunga kivinjari, au ungeshikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, king'ora kingenyamaza na mjukuu angelala. Ndiyo maana uliambiwa usizime. Microsoft wenyewe wametangaza kwamba onyo lao la kweli haliwekwi namba ya simu. Na hebu fikiri: kampuni kubwa za kompyuta, hata ukiwa na shida ya haki, kumpata binadamu wa kuzungumza naye ni kazi ya siku nzima. Leo apatikane papo hapo, tena mwenye sauti ya upole?

Zile alama nyekundu zipo kweli. Windows ina programu iitwayo Event Viewer, nayo ni kama daftari la mlinzi wa getini anayeandika hata paka akipita. Printa ikichelewa kujibu, inaandikwa. Programu ikikwama kidogo kisha ikaendelea, inaandikwa. Kompyuta nzima kabisa huwa na alama nyekundu na za njano tele. Kevin alikufungulia tu ukurasa ambao mwenye kompyuta hana sababu ya kuusoma. Wenzake wengine humsomea mtu namba ndefu inayoanza na 888DCA60, wakadai ni kitambulisho cha mashine yake peke yake, kwa hiyo wanamjua. Namba hiyo imo kwenye kompyuta za Windows kokote ziliko: yako, yangu na ya ofisi ya kata.

Kuhusu kadi za zawadi, hapo mwalimu wa hesabu umenifanya nijikune kichwa. Hakuna fundi wa kweli anayelipwa kwa kadi ya kumnunulia mtoto michezo ya simu. Tapeli anaipenda kwa sababu ukishasoma namba, hela imeondoka, na hakuna benki katikati ya kuuliza swali. Lakini sikucheki sana. Hawa watu hawashughuliki na kompyuta yako. Wanashughulika na malezi yako. Ulilelewa, nawe ukalea wengine, kwamba mtu akikusaidia kwa upole humkatii simu. Kevin anayajua hayo. Kukusindikiza sikioni mpaka dukani kulikuwa na faida moja tu kwake, usipate nafasi ya kumpigia binti yako. Na wenzako ni wengi: kwa hesabu za FBI, hasara iliyoripotiwa Marekani mwaka 2023 kutokana na mafundi feki wa namna hii ilipita dola milioni 900, na sehemu kubwa ilitoka mifukoni mwa watu wa miaka 60 na kuendelea.

Sasa fanya haya kabla mkwe hajarudi. Ikate kompyuta na intaneti. Programu aliyokuwekea Kevin ni halali, hata mafundi wa kweli huitumia, ila kwa sasa ni mlango alioachiwa yeye. Iondolewe na mtu anayejua, na mashine ikaguliwe. Nywila za benki na za barua pepe zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine. Benki ipigiwe kwa namba iliyo nyuma ya kadi, isiwe namba mliyoitafuta kwa pupa mtandaoni, maana huko nako Kevin ana matangazo yake. Zile kadi mbili na risiti usizitupe: ipigie kampuni iliyozitoa, uwaambie zimetumika kwa utapeli. Huenda hela bado imo, huenda imeshaliwa, lakini ukingoja mpaka kesho ndiyo basi. Kisha ripoti kwa FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, kwenye ReportFraud.ftc.gov.

Umeona nimesema mkwe, benki ya mkwe, nywila za mkwe? Basi huwezi kuyafanya peke yako. Mwambie binti leo. Jina lako litauzwa kwa tapeli mwingine, kama halijauzwa tayari, na yule atajifanya wakili aliyemnasa Kevin, akitaka ada kidogo tu ili akurudishie hela zako. Mtu mwenye siri humlipa huyo wa pili haraka kuliko alivyomlipa wa kwanza. Mkwe atanuna wiki mbili, halafu ataanza kuihadithia kwenye harusi. Hiyo ndiyo adhabu yako, Mwalimu, nayo ina mwisho.

*

Bi Somo, habari ya huko. Mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kuangalia wazee hapa Lowell, Massachusetts. Mzee ninayemwangalia alipigiwa na watu wanaosema wanamrudishia dola 300 za programu ya kuzuia virusi. Wakaingia kwa kompyuta yake, kisha wakaanza kulia kwamba wamekosea wakaandika 30,000. Yeye mwenyewe aliona pesa kwa akaunti. Sasa wanataka arudishe zilizozidi, pesa taslimu, azifunge kwa kifurushi. Kijana kwa simu analia kwamba atafutwa kazi. Mzee ana huruma, tena ananiambia nisiingilie. Nikinyamaza je?
– Mlezi Asiyelala, Lowell

Mwanangu, usinyamaze, lakini pia usishike hela hiyo hata kwa ncha ya kidole.

Hakuna senti iliyoingia. Wakiwa ndani ya kompyuta, huwa wanafanya moja kati ya mawili. Ama wanahamisha akiba ya mzee mwenyewe kutoka akaunti yake moja kwenda nyingine, ili ionekane imetoka kwao. Ama wanazibadilisha tarakimu za ukurasa wa benki pale pale kwenye kioo, mchezo ambao mtoto yeyote aliyejifunza kompyuta muhula mmoja anauweza, na benki kwenyewe hakuna kilichobadilika. Mkimpigia mtu wa benki, akasoma salio na miamala yeye mwenyewe, uchawi unaisha. Na yule anayelia ameshalia kwa wazee wengi. Ni zamu yake ya kazi.

Kinachonisumbua zaidi ni wewe. Siku hela ya mzee ikipotea, familia haitamwona mtu wa kwenye simu. Itamwona mgeni mwenye funguo za nyumba. Kwa hiyo leo hii, kabla kifurushi hakijafungwa, mpigie mtoto wake na msimamizi wako kazini, kisha uwaandikie ujumbe ubaki ukionekana saa na tarehe: umeona nini, umesikia nini. Usimpeleke benki kutoa hela, usimpeleke posta, hata akikuamuru. Akikuita mbea, ukubali jina. Akipoa, kaa naye umweleze taratibu, bila kumfanya mtoto. Mzee aliyedharauliwa nyumbani humrudia aliyemheshimu kwenye simu.

*

Somo, mambo! Mimi mtoto wa Magomeni. Hivi hao wanaotapeliwa na sauti ya kompyuta wana akili kweli? Mimi hata usingizini sipigwi.
– Mjanja, Dar es Salaam

Mambo? Mimi? Shikamoo bado haijafika Magomeni?

Yuko bwana mmoja wa Ireland ya Kaskazini anayejiita Jim Browning. Shughuli yake ni kuzigeuzia kibao kompyuta za matapeli hao hao na kuwarekodi wakiwa kazini. Aliwahi kuingia mpaka kwenye kamera za ulinzi za ofisi yao moja kule India, na BBC wakazionyesha picha hizo mwaka 2020. Mwaka uliofuata, tapeli aliyejifanya mtu wa msaada wa YouTube alizungumza naye vizuri, akamshawishi aifute chaneli yake mwenyewe. Naye akaifuta. Alirudishiwa baadaye, na akajitokeza hadharani kusema amepigwa, jambo ambalo wewe nadhani usingelifanya.

Huku kwetu hawahitaji king'ora. Anakupigia mtu, huduma kwa wateja eti, laini yako inafungwa leo, fuata maelekezo, weka namba ya siri. Akikupigia, mripoti kwenda 15040. Ndugu zako wa Safaricom waambie kwao ni 333. Na ile meseji ya "hela itume kwenye namba hii" uliyoijibu mwaka juzi, mkeo ameniandikia.

*

Bi Somo, shikamoo. Mimi ni fundi wa kweli, nina kibanda Kariakoo. Tangu watu waanze kuambiwa habari za mafundi feki, siwezi kufanya kazi. Jana nilimpigia mteja kumwambia laptop yake imepona, akanitukana matusi ya nguoni, akanifungia namba. Laptop ninayo, hela sijalipwa. Nimkamateje?
– Fundi Halali, Kariakoo

Marahaba, fundi. Mteja wako amefanya sawasawa, isipokuwa matusi. Usimpigie tena. Usimwombe namba yoyote ya siri, usimtumie kiungo chochote, usimwambie kuna haraka. Kaa kibandani, atakuja mwenyewe, maana laptop ni yake na wewe ulimwambia "njoo Jumanne" bila kutaja Jumanne ya mwezi gani. Akija, iwashe mbele yake, umwonyeshe kifaa ulichotoa na ulichoweka, umwandikie risiti yenye jina. Na chaja aliyokuja nayo, mrudishie ile ile.