Gesi Imeisha, Bosi

Kuna sentensi mbili ambazo mafundi wa Dar es Salaam huzijua kabla hawajaota ndevu. Ya kwanza ni "nipo kwenye pantoni." Ya pili ni "gesi imeisha, bosi." Ndani ya miezi minne nimelipia zote mbili, na risiti sina hata moja.

Chanzo ni mama mkwe. Nasema hivyo nikijua kabisa kwamba mke wangu huisoma safu hii kabla ya mhariri. Mama anatoka Makete, mkoani Njombe, ambako mwezi wa saba watu huamka wakakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Alikuja kwetu Kigamboni mwezi wa kumi na moja kumwona mjukuu. Usiku wa kwanza alilala sakafuni. Usiku wa pili alilala barazani, mbu wakamfaidi. Asubuhi ya tatu nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku akijipepea na sahani, kisha akamgeukia binti yake na kumwambia jambo kwa Kikinga. Sikutafsiriwa. Jioni hiyo nilikuwa Kariakoo natafuta kiyoyozi.

Kiyoyozi hakinunuliwi kama feni. Muuzaji alianza kunitajia BTU kwa sauti ya mtu anayetaja bei za mchele: elfu tisa, elfu kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Nilipomuuliza BTU ni kitu gani alinionea huruma. "Ni nguvu, bosi. Chukua kumi na nane uishi vizuri." Chumba cha mama kina mita za mraba 12. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba hata BTU 9,000 zingetosha, na kwamba mashine kubwa kuliko chumba hupoza upesi ikajizima kabla haijanyonya unyevu, nawe ukalala kwenye baridi ya majimaji kama chura wa kisimani. Nilinunua ya 12,000. Si kwa busara. Pesa ziliishia hapo.

Hiyo ya 12,000 wenyewe wanaiita "tani moja." Nikadhani ni uzito, nikaita wabebaji wawili. Kumbe ni hesabu ya zamani ya Wamarekani: joto la kuyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24. Fundi naye anaiita "hosipawa moja na nusu." Kitu kimoja, majina matatu, na kila aliyekitaja alitaka pesa yake.

Kabla sijaondoka, muuzaji akanionyesha alama ya jua kwenye rimoti. "Hii ni moto na baridi, bosi." Maana yake mle ndani mna valvu inayogeuza mwendo wa gesi. Mashine ikiwa kwenye baridi huchota joto chumbani ikalitupa nje. Ukibonyeza jua, inachota joto nje ikalileta ndani. Wenzetu wa Ulaya wanaiita pampu ya joto na ndiyo wanayopashia nyumba zao wakati wa theluji. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi 80,000. Nikatoa. Ndiyo, msomaji, mimi mkazi wa Kigamboni nimelipa pesa ya ziada ili nikitaka niweze kuingiziwa joto ndani.

Fundi nilimpata kwa njia tunayowapata mafundi wote, yaani kwa kusifiwa na mtu ambaye hajawahi kumtumia. Aliahidi saa tatu asubuhi. Saa tatu nikapiga simu: yupo kwenye pantoni. Saa tano: yupo kwenye pantoni. Pale maji ni ya kuvuka kwa dakika chache tu, lakini saa saba bado alikuwa kwenye pantoni, nami nikaanza kuamini kwamba nimempigia nahodha. Alitokea saa tisa kasoro, juu ya bodaboda, akitokea upande wa darajani.

Alikuja na nyundo, patasi, drili ya kuazima, bisibisi mbili na kijana wa kushika ngazi. Nikamuuliza pima maji iko wapi, maana hata mimi najua kitu cha kutundikwa ukutani hupimwa. Akafumba jicho moja. "Bosi, jicho langu ndiyo pima maji."

Tundu la kupitishia mabomba ya kopa halihitaji kuzidi sana upana wa kikombe cha chai. Fundi alitoboa la kupita paka. Aligonga kwa patasi saa nzima, plasta ikidondoka juu ya godoro la mama, na vumbi lilipotulia nikamwona jirani yangu, kupitia ukuta wangu mwenyewe, akikaanga samaki. Tukapungiana mkono. "Nitakuja kuziba kesho," fundi akasema, kisha akaliziba kwa gazeti. Lilikuwa toleo lenye safu hii.

Kipande cha nje, yaani kondensa, alikifunga kwenye stendi ya chuma, kikitazamana na dirisha la jiko la huyo huyo jirani. Kisha akafanya jambo ambalo siku ile sikulielewa. Alipounga mabomba alilegeza nati kidogo, akaiacha gesi ipulize "kufukuza hewa," akakaza, akasema tayari. Wakati wote huo alikuwa na sigara mdomoni. Ubavuni mwa mashine palikuwa na kibandiko cha mwali wa moto, kwa kuwa gesi yake ni ile ya R32, ambayo inaweza kushika moto. Nilipomwonyesha alikitazama vizuri, akakiri kwamba kimechorwa kwa ustadi.

Nisimdhulumu lakini. Jioni ile baridi ilitoka. Mama alijifunika blanketi lake la Makete kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, akanibariki, na kwa wiki nzima nilikuwa mkwe wa mfano.

Wiki ya pili mita ya umeme ya LUKU ikaanza kulia. Sisi tulikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, wale wasiovuka uniti 75 kwa mwezi na ambao uniti moja kwao ni shilingi 100. Mashine yangu ikinguruma vizuri hula karibu kilowati moja. Mama hulala kwa muda wa saa nane, mchana hupumzika kidogo, na hupenda kukikuta chumba kimeshapoa. Zile 75 za mwezi ziliisha kabla sijamaliza mkate wa wiki ile. Nilipojaribu kulizungumza hilo mezani, kwa mafumbo, mke wangu alinyanyua kijiko akakishusha polepole. Nikaendelea kula.

Kisha yakaja maji. Kiyoyozi hukamua unyevu hewani, na kwa unyevu wa Pwani hukamua ndoo kwa ndoo. Maji hayo hukusanyika kwenye trei na kutoka kwa bomba jembamba linaloinamia nje. Langu, kwa idhini ya lile jicho, liliinamia ndani. Chini yake ilikuwa picha yetu ya harusi. Nimesoma kwamba Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, kwa sababu unyevu ulikuwa ukivimbisha karatasi na rangi haziketi panapotakiwa. Yaani chombo hiki hakikuzaliwa kumhudumia binadamu. Kilizaliwa kuliwaza karatasi. Miaka 120 na ushei baadaye, changu kikailowesha karatasi pekee iliyokuwa ukutani. Mke wangu kwenye picha alibaki vilevile. Mimi niliyeyuka kuanzia nywele hadi tai. Mama alisema pole, ila hakuonekana kuona tofauti.

Mwezi wa kwanza mashine ikaanza kupuliza hewa vuguvugu kama pumzi ya mbuzi. Fundi akaja (pantoni, pantoni, bodaboda), akafunga geji, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. "Gesi imeisha, bosi." Shilingi 60,000. Baada ya wiki tatu, imeisha tena. Nyingine 60,000. Nikamuuliza: gesi hii inakwenda wapi? "Inatumika, bosi. Si kama ya kupikia tu?" Na mimi, mtu mzima niliyekwenda shule, nikaona ana hoja. Mtungi wetu wa jikoni huisha kila tukipika maharage.

Mara ya tatu hakupokea simu. Nadhani safari hii alikuwa kwenye pantoni kweli.

Shemeji yangu akaniletea binti mmoja aliyesomea ufundi wa friji na viyoyozi VETA. Alifika saa tatu, kama alivyosema. Nilikuwa sijavaa shati. Akaniamkia shikamoo, akavua viatu mlangoni, akatoa begani mkoba wenye vitu ambavyo sikuwahi kuviona: pampu ya kunyonya hewa, mizani ya kidijiti na, Mungu ambariki, pima maji.

"Baba, nani amekwambia gesi ya eisii inaisha?"

Nikanyamaza.

"Haiishi. Inazunguka tu mle ndani, kama damu mwilini. Ikipungua ujue inavuja. Anayekuongezea bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye pakacha."

Akakoroga povu la sabuni ya vyombo kwenye kikombe, akapaka kwenye nati moja baada ya nyingine. Ile ya tatu ikatoa mapovu kama mtoto mwenye mafua. Mdomo wa bomba la kopa ulipasuka siku ile ile ya kufungwa. Kwa hiyo 120,000 zangu zilipulizwa juu ya anga la Kigamboni, na si hivyo tu: alipofunga geji zake akakunja uso, akaniuliza mwenzake aliongeza gesi ipi. Nilichokumbuka ni mtungi wa kijani mkononi mwa kijana wa ngazi. Alishuku ni R22, gesi ya kizamani inayotoboa tabaka la ozoni na ambayo dunia inaiondoa taratibu chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Kuichanganya na R32, akasema, ni kama kutia petroli kwenye gari la dizeli. Ikabidi anyonye yote kwenye mtungi wake, akate na kuunga upya, kisha awashe ile pampu nusu saa nzima kuondoa hewa na unyevu mabombani. Hiyo ndiyo kazi ambayo mwenzake aliifanya kwa kulegeza nati akiwa na sigara. Halafu akapima gesi kwa mizani, gramu kwa gramu kama ilivyoandikwa ubavuni, vile muuza duka anavyopima sukari mteja akimkodolea macho.

"Chujio mmeliosha lini?"

"Linaoshwa?"

Akafungua uso wa mashine, akachomoa kitu nilichodhani ni shuka la mtoto. Lilikuwa vumbi. Linaoshwa kwa maji ya bomba, kila baada ya wiki mbili, bila fundi, bila nauli, bila soda. Sikuwa nimelijua hilo, na wala hapakuwa na mtu aliyekuwa na faida ya kuniambia.

Kisha akatoka nje. Nikasikia kimya, halafu sauti yake: "Baba! Nani ameanika dagaa kwenye kondensa?"

Hapa lazima nimweleze jirani. Wiki ya kwanza alinijia juu, na alikuwa na haki. "Jirani, joto lenu mnanimiminia mimi jikoni!" Ni kweli tupu. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinalihamisha joto tu, na joto la mama mkwe wangu lilikuwa linahamia kwake, pamoja na joto la mashine yenyewe juu. Lakini wiki ya pili alinyamaza. Nikadhani amenisamehe. Kumbe ameupatia kazi ule upepo. Alitundika wavu mbele ya feni, mchana anaanika dagaa, usiku anaanika kanga. Mashine ikawa inajaribu kutema joto na kanga inalirudisha, huku chumvi ya dagaa, ukiongeza na ile ya bahari, ikizila zile bati nyembamba za nyuma.

Nilikwenda kuzungumza naye kwa adabu zote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jirani, mimi nimeanika kwangu. Upepo ndio umekuja."

Tumeafikiana. Wavu umesogezwa hatua mbili, nasi tunapata bakuli la dagaa kila Ijumaa. Ni dagaa wazuri, wakavu sawasawa.

Sasa hapa ndipo nilipofikia. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu mvua ilinyesha alfajiri, hewa ikapoa kidogo, na nilipokwenda kumwamkia mama nilipigwa usoni na joto la tanuri. Mama alikuwa ameketi kitandani na sweta, mikono mapajani, akitabasamu kama yuko kwao. Rimoti ilikuwa kwenye jua, nyuzi 30. "Baba," akaniambia, "kumbe mlikuwa mnanificha hiki!" Akauliza kina uzito gani. Akauliza basi la Makete linachukua mzigo wa namna hii kwa shilingi ngapi. Kwao mwezi wa saba wanaota jiko la mkaa ndani huku dirisha limeachwa wazi moshi usiwaue, na hapa Kigamboni, ambako hakuna mwenye haja nalo, kuna jua la kubonyeza ukutani. Sikuwa na jibu. Kusema kweli mpaka leo sina.

Amesafiri Jumamosi. Jumapili tuliitafuta rimoti nyumba nzima. Jumatatu akapiga simu kusema amefika salama, rimoti anayo, anawaonyesha wenzake lile jua, na kilichobaki tumletee kabla ya mwezi wa sita. Binti wa VETA ameniambia chini ya uso wa mashine kuna kitufe kidogo cha dharura. Nakibonyeza kwa mpini wa mwiko, na mashine hujiamulia yenyewe.

Kama kuna msomaji anayeshuka kutoka Makete wiki hii, naomba amwone mama stendi, amwamkie vizuri, na aniletee hiyo rimoti. Betri amwachie, za tochi yake zimekwisha.