Barua Kumi na Tatu za Nguchiro

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme pale Mwanjelwa, jijini Mbeya. Chuo cha Gangilonga, kilichopo Iringa chini ya lile jiwe ambalo Wahehe husema linanena, kinapokea wanafunzi wapya. Mwombaji alete cheti chake, na barua mbili za watu wanaomjua.

Nguchiro alilisoma mara mbili, kisha akakimbilia kwa Kunguru, dalali wa viazi, mjomba wake wa kujitafutia.

"Shikamoo mjomba. Wanataka barua mbili."

"Marahaba. Mbili ni za watoto wasio na watu," alisema Kunguru. "Ukikaribishwa ugali, unakula matonge mawili unanawa?"

Msomaji aliyeomba chuo hapa nyumbani huenda anashangaa, maana shahada ya kwanza kwetu huamuliwa zaidi na matokeo ya kidato cha sita. Lakini vijana wetu wanaoomba ng'ambo wanaijua homa hii. Uingereza, maombi ya shahada ya kwanza yanayopitia mfumo wa pamoja wa UCAS huambatana na maelezo ya mdhamini mmoja tu. Marekani vyuo vingi hutaka ya mshauri wa shule na ya mwalimu mmoja au wawili. Idadi imeandikwa wazi, na bado kila mwaka hakosekani mzazi anayemtafuta mheshimiwa mbunge ili aongeze yake. Gangilonga nako ni hivyohivyo.

Basi Nguchiro akaanza safari ya kuomba sifa. Alianzia Usangu, kwa Kiboko wa Ihefu, mwenyekiti wa maji tangu enzi na enzi. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, ila kidau cha wino wa muhuri wa mwenyekiti hakijawahi kukauka. Kiboko hakuuliza jina la mwombaji. Aliuliza tu agonge wapi. Tembo wa Ruaha alitia saini akiwa anakula. Mbweha wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao, alikubali kwa sharti kwamba chini ya barua iwekwe bei ya mirunda. Wengine siwataji, walikuwa wakubwa, na walikuwa na haraka.

Barua zenyewe ziliandikwa na Kasuku, mwenye steshenari nyuma ya soko. Kasuku ana kompyuta moja na barua moja. Anayekuja hubadilishiwa jina pale juu, karatasi inatoka ya moto, analipa, anakwenda kutafuta saini. Zilipofika kumi na tatu, Kunguru alizipanga kwa ukubwa wa mihuri, akazifunga kwa utepe.

Ikabaki ya Mwalimu Kobe wa Uyole, aliyemfundisha hesabu miaka minne chini ya mparachichi.

"Unataka niseme nini?" Kobe aliuliza.

"Sema mimi ni hodari, Mwalimu."

Kobe alikaa na karatasi ya daftari siku tatu. Aliandika hivi: "Nguchiro huchelewa. Siku moja nilikosea hesabu ubaoni, darasa zima likainakili. Yeye akanyoosha mkono akasema Mwalimu, si hivyo. Nikamtoa nje. Usiku nilirudia kwa punje za mahindi nikaona kosa ni langu. Asubuhi nilimkuta mlangoni, naye amepanga punje zake kwenye vumbi, ameshamaliza, anasubiri niamke."

Kunguru aliisoma akaishika kwa ncha ya kucha. "Haina muhuri. Tena inaanza na 'huchelewa'. Hii si barua ya kumwombea mtu, ni hati ya mashtaka." Ikaachwa mezani.

Alfajiri Nguchiro alipanda basi la Iringa, bahasha amezipakata. Kiti cha pembeni alikaa bibi mmoja Kipunji, kima kutoka msitu wa Rungwe, anakwenda kuwaona ndugu zake Ndundulu, huko Kilolo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mzigo wa nani huo?"

"Ni watu wanaonijua."

Bibi akazitazama. "Sisi, wawindaji wa Kinyakyusa walitujua na jina wakatupa. Wataalamu hawakuwa na habari mpaka 2003. Kundi moja la watafiti likatuona Rungwe. Jingine, ambalo halikujua habari za lile la kwanza, likawaona ndugu zetu Ndundulu, kilomita kama 350 kutoka kwetu. Mwaka 2005 wakaandika pamoja kwamba tupo."

"Makundi mawili tu? Walikuwa na muhuri?"

"Walikuwa na picha. Hata hivyo walituweka katika ukoo usio wetu. Mwenzetu mmoja akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, ndipo wakatutazama vizuri. Mwaka 2006 wakatupa ukoo wetu wenyewe, Rungwecebus."

Nguchiro aliitikia kwa kichwa, lakini alikuwa anahesabu bahasha. Makambako basi liliposimama, alifungua vitumbua alivyofungiwa na mama yake, akala, akakunja karatasi yenye mafuta akaitia mfukoni.

Msajili wa Gangilonga ni Bundi. "Kamwene," alisema, akakata utepe. Alisoma ya Kiboko, akasoma ya Tembo, kisha akaanza kuzisoma mbilimbili, moja kila jicho.

"Tembo anasema una mabawa mapana."

Nguchiro akajitazama mabega.

"Mbweha anaisifu shingo yako ndefu na jinsi unavyosimama kwa mguu mmoja." Bundi alifunua nyingine. "Na wote kumi na watatu wanasema wewe ni 'mwanimifu'. Wakubwa kumi na watatu, kosa moja. Kabla yako alipita hapa Korongo mmoja, naye alikuwa mwanimifu."

Kimya. Upepo ulipita juu ya jiwe.

"Kijana, nani anakujua?"

Nguchiro alitia mkono mfukoni kutafuta leso ya kufuta jasho. Ikatoka karatasi ya vitumbua. Alipoikunjua aliuona mwandiko wa Kobe ukiwa umeloa mafuta, mama aliiokota mezani akadhani haina kazi. Aliitoa polepole kwa aibu.

Bundi aliinua karatasi kwenye mwanga, maana penye mafuta ilikuwa inaangaza kama kioo. Alifika kwenye punje, akarudi juu, akasoma tena.

"Jibu lilikuwa ngapi?"

"Arobaini na mbili. Mwalimu alisema arobaini na nane."

Bundi akaiweka kulia kwake, akaigandamiza kwa kijiwe isipeperuke.

"Moja," akasema. "Ya pili?"

Nguchiro akalivuta lile rundo la barua kumi na tatu, akaanza kuzipekua moja moja, kuanzia ya Kiboko.